Mawe Machanga ya Taitao na Wanaoyahoji

Graniti ya Cabo Raper haina cha kumshangaza mtu anayeitazama kwa macho matupu. Ni jiwe la kijivu hafifu linalopigwa na mawimbi ya Pasifiki, lenye madini yaleyale ya graniti nyingine: kwatzi, feldspa na vipande vyeusi vya maika. Ajabu yake ni mahali ilipo na umri ilionao. Peninsula ya Taitao, kusini mwa Chile, imechomoza baharini kiasi kwamba ukingo wake wa magharibi hauko hata kilomita 50 kutoka handaki la bahari, pale ambapo sakafu ya Pasifiki inazama chini ya Amerika ya Kusini. Kwingineko katika Andes volkano hazikai karibu na handaki namna hiyo. Hukaa kilomita 150, hata 300, ndani ya bara, juu ya sehemu ambapo bamba linalozama limeshafika kina kirefu. Ukingoni mwa handaki ardhi ya chini kwa kawaida ni baridi, na magma haitarajiwi kabisa. Lakini graniti hiyo ipo, na umri wake ni takriban miaka milioni 4, ambayo kwa hesabu za jiolojia ni juzi.

Jirani yake kuna kitu adimu zaidi: kipande cha sakafu ya bahari kilichopanda nchi kavu. Wanajiolojia hukiita ofioliti. Ofioliti ikiwa kamili, chini kabisa utakuta peridotiti, jiwe zito la kijani lililotoka kwenye mantili, tabaka lililo chini ya ganda la dunia, ambalo mara nyingi maji yameshaligeuza kuwa serpentini laini yenye mng'ao. Juu yake kuna gabro, yaani magma iliyopoa taratibu hadi chembe zake zikakua na kuonekana. Kisha zinafuata kuta nyembamba za jiwe jeusi zilizosimama wima na kubanana, halafu lava iliyomwagika ndani ya maji ikaganda kwa vibonge vya mviringo, na juu kabisa tope la bahari.

Katika zote hizo mimi huvutwa zaidi na zile kuta. Kila ukuta ni ufa uliojaa magma siku sakafu ya bahari ilipotanuka. Magma iliyogusa jiwe baridi pembeni iliganda upesi, ikaacha ukingo wa chembe ndogo mno. Ufa uliofuata ulipita katikati ya ukuta uliotangulia, kwa sababu hapo ndipo palikuwa bado na joto na udhaifu, ukaugawa vipande viwili. Ndiyo maana zipo kuta zenye ukingo mmoja tu ulioganda, na nusu yao nyingine ilibebwa upande wa pili wa mgongo wa bahari, yaani mahali sakafu hiyo inapotanuka, haitaonekana tena. Mtu mwenye subira hupita kwenye miamba hiyo na lenzi ya mkononi, ukuta baada ya ukuta, akihesabu kingo za kushoto na za kulia. Hesabu ikielemea upande mmoja, anajua mgongo ulikuwa upande gani. Ni kazi ya kupiga magoti kwenye mawe yenye utelezi, katika nchi ya mvua inayonyesha karibu mwaka mzima, msitu mnene na fiodi zinazofikika kwa mashua.

Ofioliti ya Troodos huko Kupro ina zaidi ya miaka milioni 90. Ile ya Semail nchini Oman ina kama milioni 95. Ya Taitao iliundwa kati ya miaka milioni 6 na 5 iliyopita, na tayari miti imeota juu yake. Haraka hiyo ina sababu yake: hapa kinachozama ni mgongo wenyewe wa bahari. Mgongo wa Chile ndio mpaka kati ya bamba la Nazca na bamba la Antaktika, na ndipo sakafu mpya ya bahari inapozaliwa. Nao mzima unasukumwa kuelekea bara. Ulianza kugonga ncha ya kusini ya Amerika yapata miaka milioni 14 iliyopita, na tangu hapo mahali pa mgongano pamekuwa pakihamia kaskazini, kipande kwa kipande. Leo pako mkabala na Taitao, karibu na latitudo ya 46 kusini. Kipande kimoja kilipita chini ya eneo hili miaka kama milioni 6 iliyopita, kingine miaka kama milioni 3. Hata volkano zinaonyesha kuwa jambo lisilo la kawaida limetokea. Hudson, iliyolipuka kwa nguvu mwaka 1991, ndiyo ya mwisho kusini katika msururu wake. Baada yake unasafiri zaidi ya kilomita 300 bila kukuta volkano nyingine ya Andes, hadi Lautaro.

Charles Darwin alifika pwani hii Desemba 1834 na meli ya Beagle, akapanda vilima karibu na Cabo Tres Montes. Graniti aliyoiona huko ilimvutia kwa ukubwa na ugumu wake, na akaandika kwamba ilionekana kama iliyokuwapo tangu dunia ianze. Kwa elimu ya siku zake lilikuwa wazo la haki kabisa. Ilipita karne moja na nusu kabla wanajiolojia kama Randall Forsythe na Eric Nelson, katika andiko lao la 1985, hawajayaeleza mawe ya peninsula hiyo kuwa alama ya mgongo uliozama. Kisha mwishoni mwa 1991 ikaja meli ya kuchimba sakafu ya bahari, na baadaye Wafaransa kama Yves Lagabrielle na Wajapani kama Ryo Anma, wakirudi na magunia ya mawe.

Kazi ninayotaka kuisifu huanza pale gunia linapofunguliwa. Jiokemia ni ufundi wa kuliuliza jiwe limetokana na nini, na sehemu kubwa yake ni kujilinda asije mtu akasikia jibu alilolitia mwenyewe. Jiwe lililopigwa na mvua limeshabadilika upande wa nje, kwa hiyo ganda hilo hukatwa na kutupwa hadi ufikiwe moyo mzima usio na ufa wala rangi ya kutu. Kisha jiwe huvunjwa na kusagwa, na hapa anayesaga lazima ajue chombo chake kimetengenezwa kwa kitu gani. Kinu cha chuma huacha chuma na kromiamu. Kinu cha tangsteni kabaidi ni kigumu na chepesi kufanya kazi, lakini huacha tantalamu kwenye unga. Nayo tantalamu, kama tutakavyoona, ni mojawapo ya elementi chache ambazo kesi nzima ya Taitao inazitegemea. Mtu angeweza kukosa jibu sahihi kwa sababu ya kinu tu. Ndiyo maana wengi huchagua kinu cha akiki, ambacho ni cha taratibu na huvunjika kikidondoka, lakini karibu chote ni silika, kitu ambacho jiwe lina tele tayari.

Unga huo huyeyushwa kwa asidi ya haidrofloriki iliyochanganywa na nitriki, ndani ya vichupa vya tefloni, kwa kuwa asidi hiyo hula kioo. Basalti huyeyuka bila ubishi. Graniti ina zirkoni, chembe ndogo ngumu ajabu, na zirkoni inaweza kubaki chini ya kichupa ikiwa nzima huku maji ya juu yakionekana safi kabisa. Aliye na haraka huyapima maji hayo, akapata zirkoniamu kidogo, hafniamu kidogo, na upungufu wa elementi nzito za kundi la lanthanidi, halafu akaandika nadharia nzuri kuhusu upungufu huo. Aliyefunzwa vizuri hukifunga kichupa ndani ya koti la chuma, akakiweka kwenye joto na shinikizo kwa siku kadhaa, au akauyeyusha unga kwanza pamoja na chumvi ya lithiamu kwenye moto mkali. Katika kila kundi la sampuli huweka kichupa kisicho na jiwe lolote, ili apime uchafu wa maabara yake mwenyewe, na kichupa cha basalti ya Hawaii ambayo maabara za dunia nzima zimeshaipima. Basalti ya Hawaii isipotoa namba zake zinazojulikana, kazi yote ya wiki hiyo inarudiwa. Sijui heshima kubwa zaidi kwa ukweli kuliko kichupa hicho kitupu.

Kwa umri, mambo hugeuka: ile zirkoni iliyokuwa kero sasa ndiyo inayotafutwa. Jiwe huvunjwa bila kusagwa kuwa unga, chembe nyepesi huoshwa kwa maji, zenye chuma huvutwa na sumaku, na zinazobaki hutiwa kwenye kimiminiko kizito ambamo kwatzi na feldspa huelea na zirkoni huzama. Mwisho kabisa mtu huketi kwenye darubini na sindano, akichagua chembe moja moja. Zilizochaguliwa hupangwa kwenye gundi, husuguliwa hadi katikati, kisha hupigwa picha kwa miale ya elektroni ili matabaka ya ukuaji wake yaonekane. Ndipo leza au miale ya ioni hulengwa mahali pa kupima.

Zirkoni ya Taitao ni ngumu kupima kwa sababu ni changa. Urani huoza na kuwa risasi polepole mno: nusu ya urani-238 huisha kwa karibu miaka bilioni 4.5. Kwa hiyo katika miaka milioni 4 kila atomi 10,000 za urani huwa zimezaa atomi 6 tu za risasi. Risasi kidogo kutoka vumbini au kwenye gundi inatosha kuzifunika. Kuna pia hila nyingine ndani ya jiwe lenyewe. Zirkoni inapokua huikataa thori, na kati ya urani na risasi kuna kituo cha njiani ambacho ni thori-230. Kituo hicho kikiwa kitupu tangu mwanzo, risasi huchelewa kujaa, na jiwe huonekana changa kuliko lilivyo kwa hadi miaka 100,000 hivi. Katika graniti ya kale tofauti hiyo haina maana. Hapa, ambako mtu anataka kujua kama graniti ilikuja kabla au baada ya kipande fulani cha mgongo kupita, hawezi kuipuuza.

Namba zikishapatikana, zinasomwaje? Julian Pearce na Joe Cann walionyesha mwaka 1973 kwamba titani, zirkoniamu na itriamu, ambazo hazihamishwi kirahisi na maji ya moto chini ya bahari, zinaweza kutofautisha basalti za mazingira mbalimbali. Mwaka huohuo Akiho Miyashiro alitazama mawe ya Troodos, ambayo wengi waliyachukulia kuwa mfano bora wa mgongo wa katikati ya bahari, akasema hapana: kemia yake ni ya tao la visiwa vya volkano, juu ya bamba linalozama. Wengi walikasirika, na mjadala ukaendelea kwa miaka. Ulifika Oman pia. Wasomaji wetu wa Maskati na Matrah wanaishi katikati ya ushahidi wake, kwani vile vilima vyeusi vikavu vinavyoizunguka bandari ni mantili ya ofioliti ya Semail, na wataalamu wamegawanyika kwa miongo kadhaa kama sakafu ile ilizaliwa kwenye mgongo wa kawaida au juu ya bamba lililoanza kuzama.

Mwaka 1984 Pearce, pamoja na Harris na Tindle, aliwapa wasomi wa graniti mchoro wa namna hiyo: rubidiamu upande mmoja, jumla ya itriamu na niobiamu upande wa pili, na uwanja umegawanywa kwa graniti za migongo, za matao ya volkano, za katikati ya mabamba na za mabara yaliyogongana. Mchoro huo umetumika dunia nzima, na mara nyingi umetumika vibaya, kana kwamba doa likishaangukia kwenye uwanja wake basi shauri limekwisha.

Taitao haikubali kumalizwa hivyo. Kwa lava na kuta za ofioliti yake, mtu angetegemea basalti ya mgongo tu. Mantili ya chini ya migongo ya bahari imeshakamuliwa zamani. Anayekamua nazi anajua kwamba tui la kwanza ni zito na la pili ni jepesi. Vivyo hivyo elementi zisizopenda kukaa katika madini ya mantili zilitoka mapema na kuishia kwenye mabara, na kinachokamuliwa leo ni basalti yenye lanthanamu kidogo kulinganisha na ndugu zake wazito. Basalti za aina hiyo zipo Taitao. Lakini nyingine, kutoka mwamba huohuo, zina pengo la niobiamu na tantalamu, ambalo ndilo alama ya matao ya volkano. Je, mgongo ulinyonya maji kutoka bamba linalozama? Au magma yake ilimeza tope la bara wakati inapanda?

Hapo ndipo ninapoona ufundi kwa ukamilifu wake. Strontiamu ingeweza kujibu, kwa sababu uwiano wa isotopu zake katika basalti ya mgongo ni karibu 0.703 na katika tope la bara ni mkubwa zaidi. Tatizo ni kwamba maji ya bahari nayo yana 0.709, na jiwe lililokaa baharini limeyanywa. Basi unga huoshwa kwanza kwa asidi ili kuondoa madini yaliyoletwa na maji, na neodimiamu, ambayo maji ya bahari hayaigusi sana, hupimwa pembeni kama shahidi wa pili. Na shahidi wa tatu hatoki maabara hata kidogo. Yuko pwani: kati ya vibonge vya lava vya Taitao kuna matabaka ya mchanga na tope lililotoka nchi kavu. Lava hiyo ilimwagika ikiwa imeshalikaribia bara. Aliyeyachora matabaka hayo kwenye daftari lililolowa mvua amechangia kwenye jibu la niobiamu sawa na aliyekaa mbele ya mashine.

Graniti nayo inapotosha kwa namna yake. Ukiiweka kwenye mchoro wa 1984 inaangukia kwenye uwanja wa matao ya volkano, wakati tao la kawaida haliwezi kuwapo hapo, karibu na handaki namna ile. Mchoro haujakosea, ila unajibu swali lingine. Kemia inasema jiwe limepikwa kutokana na nini, na haisemi lilikuwa limekaa wapi. Sakafu ya bahari inayozama ikiwa ya kale na baridi, hutoa maji tu, na maji hayo ndiyo yanayoiyeyusha mantili ya juu yake. Ikiwa imezaliwa juzi na bado ina moto, yenyewe huyeyuka, pamoja na tope lililo mgongoni mwake, nalo lina maji na elementi zilezile za bara. Wafaransa walioichunguza Cabo Raper miaka ya 1990 waliona ndani yake alama za ganda la bahari lililoyeyuka. Wajapani waliokuja baadaye walitazama elementi nzito za lanthanidi. Madini ya garneti huzishika elementi hizo kwa nguvu, na huhitaji kina kirefu ili iumbike. Pale zisipopungua, garneti haikuwapo, na myeyuko ulitokea kwenye kina kisichozidi kilomita 30 hivi. Kukadiria kina namna hiyo, kutokana na kipimo cha elementi ambazo kwenye jiwe zima ni sehemu chache katika milioni, ni kazi ya kustahiwa.

Swali la bamba linaloyeyuka lenyewe lina njia ya kuja Tanzania, na limeshaletwa. Mkanda wa Musoma-Mara, mashariki ya Ziwa Viktoria, una lava zenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.6. Shukrani Manya na Makenya Maboko wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Eizo Nakamura wa Japani, walichapisha mwaka 2007 uchunguzi wa kemia yake. Walikuta andesiti yenye magnesiamu nyingi isivyo kawaida, jambo linaloeleweka ikiwa myeyuko wa ganda la bahari ulipanda ukipenya kwenye mantili na kuchukua magnesiamu njiani. Sambamba nayo walikuta mawe yenye upungufu wa elementi nzito za lanthanidi, dalili ya garneti iliyobaki chini. Hapo Mara na Taitao zinaachana: chanzo cha mawe ya Mara kilikuwa na garneti, kwa hiyo kiliyeyuka kwenye kina kirefu zaidi. Lakini joto lililohitajika kuyeyusha bamba lenyewe linaweza kuwa na sababu ileile, mgongo wa bahari uliozama. Mkoani Mara hakuna handaki la kutazama leo, wala mgongo unaoonekana ukiingia chini ya bara, na zirkoni haziwezi kurudisha ramani ya bahari iliyotoweka. Wataalamu hao walikuwa na namba nzuri mkononi na mfano hai wa Chile wa kulinganishia. Wakatoa hoja ya mgongo uliozama katika jina la andiko lao, na mwisho wa jina hilo wakaweka alama ya kuuliza.